Fito Kwanza, Mbegu Baadaye
Njia za kusimamisha mboga ndefu katika bustani ya nyumbani

Ukipita katika vijiji vya Sosiot, karibu na Kericho, utaona chai imefika mpaka karibu na milango ya nyumba. Hili si jambo baya. Chai huleta fedha za kila mwezi na malipo ya mwisho wa mwaka, na fedha hizo zimesomesha watoto wengi. Lakini chai hailiwi kwa ugali. Mahali pa mboga pamebaki padogo: labda hatua 10 kwa hatua 10 nyuma ya jiko. Basi mama wa nyumba hulazimika kuchukua fedha za chai na kwenda nazo sokoni kununua nyanya, maharagwe na sukuma wiki.

Wakulima wa skimu wanaijua shida hii vizuri. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, jamaa nyingi zilipewa sehemu ambazo wakati ule zilionekana kubwa. Tangu siku zile wana wamegawiwa, na wajukuu nao wamegawiwa. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Lakini hewa iliyo juu ya bustani yako haijagawiwa mtu, nayo haikodishwi. Mboga inayopanda juu huhitaji ardhi ndogo sana kwa mizizi yake, kisha hujaza mahali pa juu ambapo palikuwa patupu. Mwezi huu tutaeleza jinsi ya kuzipa mboga ndefu kitu cha kushikilia, ili zizae vizuri katika nchi yetu yenye mvua nyingi, upepo na mvua ya mawe.

KWA NINI MBOGA ZISIMAME

Kuna sababu nne kubwa.

Ya kwanza ni nafasi. Mche wa tango ukitambaa chini huweza kuchukua mahali pa miche kadhaa ya sukuma wiki. Ukipandishwa juu ya kamba, unachukua mahali pa mguu mmoja wa mtu.

Ya pili ni magonjwa. Huku Kericho mvua hunyesha karibu kila mwezi, na jumla yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000 mahali pengi. Matone ya mvua yanapopiga udongo huurusha juu, na pamoja na udongo hurusha vijidudu vya magonjwa kwenye majani ya chini. Tena, majani yaliyolaliana hayakauki upesi. Ule ukungu unaounguza nyanya na viazi, ambao wengi huuita blaiti, hupenda sana majani yaliyokaa na maji kwa saa nyingi wakati wa baridi. Mche uliosimama hupata upepo, nao hukauka mapema asubuhi.

Ya tatu ni kazi. Matunda yaliyo juu huonekana, huchumwa kwa wakati wake, wala hayakanyagwi. Dawa pia hufika pande zote mbili za jani, na kwa hiyo dawa kidogo yatosha.

Ya nne ni uzuri wa mazao. Mfano mzuri ni kibuyu. Kila mtu wa Sosiot anajua kibuyu cha mursik, na hata neno lenyewe sosiot katika Kikipsigis ni jina la ufito wa kusugulia ndani ya kibuyu hicho. Kibuyu kilicholala chini huota upande, na shingo yake hupinda. Kibuyu kinachoning'inia huvutwa na uzito wake mwenyewe, na shingo yake hunyooka. Wazee walijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo maana waliacha mibuyu ya kibuyu ipande juu ya ua.

JUA TABIA YA MMEA WAKO

Kabla ya kukata ufito mmoja, yafaa ujue mmea wako hupandaje. Mimea haipandi kwa namna moja.

Kundi la kwanza ni mimea inayojisokota. Haya ni maharagwe marefu, na pia nderema, ile mboga yenye majani manene na utelezi. Shina lenyewe huzunguka ufito. Mimea hii hupenda ufito mwembamba ulio wima, mnene kama kidole gumba au zaidi kidogo, tena wenye gamba la kukwaruza. Ufito mnene sana au laini sana huwa mgumu kushikwa. Zaidi ya hayo, maharagwe huzunguka upande mmoja tu: ukisimama juu yake ukitazama chini, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ukiona mche umeanguka na unataka kuurudisha, uzungushe upande huo huo. Ukiuzungusha kwa upande mwingine utajifungua na kuanguka tena.

Kundi la pili ni mimea yenye nyuzi nyembamba za kujishikia; tuziite vikono. Humo mna njegere, matango, malenge, vibuyu na matunda ya pasheni. Vikono havishiki nguzo nene. Vyataka vitu vyembamba kama kamba, waya au vijitawi. Ndiyo maana mtu akiweka nguzo nene kwa njegere huona njegere zimelala chini ya nguzo, kisha husema mbegu ni mbaya. Mbegu haina kosa.

Kundi la tatu ni mimea mirefu isiyoweza kujishikia hata kidogo. Nyanya ndefu ndizo mfano mkubwa. Nyanya haisokoti wala haina vikono. Usipoifunga kwa mkono wako itaanguka, hata kama ufito uko karibu nayo.

Kadhalika uangalie aina ya mbegu. Nyanya ya Money Maker hurefuka na lazima ipate ufito. Cal J ni fupi, nayo huhitaji msaada mdogo tu ili matunda yasiguse udongo. Maharagwe nayo yako mafupi na marefu. Maharagwe mafupi ukiyawekea fito za mita 2 umepoteza fito bure.

WAKATI WA KUWEKA FITO

Kosa linaloharibu bustani nyingi ni kuchelewa. Mkulima hupanda mbegu, huota, hurefuka, huanguka, na ndipo mkulima huchukua panga kwenda kutafuta fito. Siku hiyo mizizi imekwisha kuenea. Akichomeka ufito karibu na shina hukata mizizi. Akijaribu kuinua mche, huuvunja. Huko ni kule kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kanuni yetu ni hii: fito kwanza, mbegu baadaye. Kata fito katika miezi ya ukavu, Desemba mpaka Februari. Zimenye gamba sehemu ya chini, kisha zisimamishe zikauke kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ufito mbichi huoza upesi, na miti mingine hutoa mizizi na kuota kuwa mti katikati ya maharagwe yako. Mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi, chomeka fito wakati udongo umelainika, ndipo upande mbegu kuzizunguka.

Ikiwa umechelewa, usingoje zaidi. Maharagwe marefu huanza kutafuta pa kushika yakiwa na umri wa majuma mawili au matatu. Weka ufito kabla ya ule uzi wa kwanza kuinama, umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye shina.

NAMNA ZA KUSIMAMISHA

1. Ufito mmoja kwa nyanya

Chukua ufito wa mita 2, yaani karibu futi 6 na nusu. Uchomeke ardhini sentimita 45 mpaka 50. Panda nyanya umbali wa sentimita 60 kutoka mche hata mche, na sentimita 90 kati ya mistari, ili upepo upite.

Mche ukifika urefu wa sentimita 30, anza kufunga. Usizungushe kamba mara moja na kukaza. Funga mfano wa tarakimu 8: kamba izunguke ufito, ipishane katikati, kisha izunguke shina kwa ulegevu. Kidole chako kiweze kupita kati ya kamba na shina, maana shina litanenepa. Vipande vya nguo kuukuu au nyuzi za mgomba vyafaa kuliko kamba nyembamba ya plastiki, ambayo hukata shina kama kisu. Funga tena kila mche unapozidi kama sentimita 25.

Katika kila kwapa la jani hutoka chipukizi. Yaondoe kwa vidole yakiwa madogo, uache shina moja au mawili. Nyanya yenye mashina mengi haiwezi kubebwa na ufito mmoja. Ondoa pia majani ya chini yanayogusa udongo. Mikono yako iwe safi, na usiifanye kazi hii wakati majani yana maji, usije ukabeba ugonjwa kutoka mche hata mche.

2. Fito tatu zilizofungwa juu

Namna hii ni nzuri sana kwa maharagwe marefu na nderema. Fito tatu za mita 2 na nusu huchomekwa mfano wa mafiga, zikiachana sentimita 60 chini, na juu hufungwa pamoja. Upepo ukivuma, kila moja huzitegemeza zile nyingine mbili. Fito moja moja zilizosimama peke yake huangushwa na dhoruba, hasa maharagwe yakiwa na mvua juu yake.

Panda mbegu tatu katika kila ufito, na baadaye uache miche miwili yenye nguvu. Katika mstari wa mita 6 utapata mafungu matano, yaani fito 15 na miche 30.

3. Kamba juu ya nguzo

Mtu asiye na fito nyingi atumie kamba. Kwa mstari wa mita 6 simika nguzo tatu tu, moja kila baada ya mita 3, zikiingia ardhini sentimita 60. Laza mti au waya juu yake, na mwingine chini karibu na udongo. Kisha funga kamba za katani kutoka juu hata chini, moja kila sentimita 30. Utahitaji karibu kamba 20. Nguzo za miishoni zipewe mhimili wa kuegemea, maana hizo ndizo hubeba mvuto wote. Nguzo ya mwisho ikilegea, mstari mzima utalala.

Namna hii yafaa kwa maharagwe na matango. Kamba za katani zikiisha kazi huingia katika shimo la mbolea pamoja na mabua. Kamba za plastiki zikusanywe zote, kwa kuwa ng'ombe akizila huweza kufa.

4. Vijitawi kwa njegere

Njegere hazihitaji nguzo. Chomeka matawi yenye vijitawi vingi, urefu wa mita 1 hivi, pande zote mbili za mstari. Hapa mwenye chai ana bahati, kwa sababu chai hupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4, na matawi yake yana vijitawi vingi sana. Lakini chukua machache tu. Matawi ya chai yaliyopogolewa yafaa yabaki chini ya chai yenyewe, kwa sababu yakioza huirudishia ardhi chakula na kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Mtu anayehamisha matawi yote anaila chai yake kwa njia ya njegere.

5. Dungu kwa mimea mizito

Kwa vibuyu, malenge na pasheni, fito hazitoshi. Jenga dungu: nguzo nne au sita zenye nguvu, na juu yake miti iliyopangwa kama kitanda, urefu wa mtu aliyesimama. Mmea utapanda na kutandaa juu, na matunda yataning'inia chini. Chini ya dungu penye kivuli waweza kuweka kitalu cha miche. Lenge likizidi uzito, lifungie chandarua cha gunia kuukuu na kukitundika kwenye mti wa juu, ili kikonyo kisikatike.

Pasheni za zambarau waweza pia kuziwekea waya mmoja juu ya nguzo za mita 2, kando ya ua. Usizipande mahali palipokuwa na pasheni zilizokufa. Pasheni zimelimwa nchini Kenya tangu miaka ya 1930, na mara nyingi mashamba yake yameangushwa na magonjwa.

6. Mahindi kama fito

Maharagwe na mahindi yalitoka Marekani ya kale, na wenyeji wa huko waliyapanda pamoja: mahindi yalisimama, maharagwe yakapanda juu yake, na malenge yakafunika udongo. Mkulima wa Kericho aweza kufanya hivyo, lakini kwa uangalifu. Maharagwe marefu yakipandwa siku moja na mahindi huyavuta na kuyaangusha. Panda maharagwe baada ya mahindi kutoa maua. Tumia mahindi marefu yenye bua gumu, kama yale ya H614. Mahindi yakisha kuvunwa, acha mabua yasimame mpaka maharagwe yamalizike.

MVUA YA MAWE NA UPEPO

Nchi ya Kericho na Nandi yajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai walijaribu kuizuia kwa roketi, na baadaye kwa ndege zilizotia dawa mawinguni. Mwenye bustani hana ndege. Lakini anaweza kufanya mambo matatu.

Kwanza, achunguze dhoruba za alasiri hutoka upande gani kwake, na bustani aiweke nyuma ya nyumba au ua upande huo. Pili, kamba na fito aziangalie kila juma, na zilizolegea azifunge upya kabla ya wingu, wala si baada yake. Tatu, kwa nyanya chache za nyumbani, atandike wavu au karatasi ya plastiki juu ya zile nguzo, ikiinama upande mmoja ili maji na mawe yateleze. Pande zote ziachwe wazi upepo upite. Paa hilo hupunguza pia blaiti, kwa kuwa majani hayaloani.

Mawe yakipiga, usiing'oe mimea siku hiyo. Inua iliyoanguka, kata majani na mashina yaliyovunjika, na ungoje majuma mawili. Maharagwe mengi huchipua upya ikiwa shina bado limeshika ufito wake.

Kwenye mteremko, mistari yote ifuate makinga maji, isielekee chini. Katika bustani tambarare, mistari ielekee kaskazini na kusini, ili pande zote mbili zipate jua, asubuhi na alasiri. Mboga fupi zisipandwe mahali ambapo kivuli cha ndefu kitazifunika mchana kutwa.

FITO ZITATOKA WAPI?

Hili ndilo swali kubwa, nalo lataka jibu la kweli. Tutazame majirani zetu wa Rwanda. Huko ardhi ni haba sana na vilima vimejaa watu. Tangu miaka ya 1980 wakulima wengi wa nyanda za juu waliacha maharagwe mafupi na kupanda marefu, kwa sababu katika kipande kile kile marefu huweza kuzaa mara mbili au zaidi, nayo huchumwa kwa muda mrefu. Mbegu zilipatikana. Kilichokuja kuwa haba ni fito. Wakulima wakaanza kutumia mabua ya majani ya tembo, kamba, na miti waliyoipanda wenyewe. Katika Kenya pia zimetolewa aina za maharagwe marefu, kama vile Kenya Tamu, Kenya Mavuno na Kenya Safi. Lakini mtu akipata mbegu bila kupanga habari ya fito, atafika mahali pale pale walipofika Wanyarwanda.

Usiende kukata msituni Mau bila ruhusa. Msitu ule ndio mama wa mito yetu na wa mvua ya chai. Wala usikate vijiti vya jirani usiku. Ugomvi wa fito umevunja urafiki wa miaka mingi. Panda fito zako mwenyewe.

Kaliandra na sesbania hukua upesi. Zipande kwa mstari juu ya makinga maji au kando ya ua. Baada ya mwaka mmoja hivi zaweza kukatwa, nazo huchipua tena. Majani ya kaliandra hulishwa ng'ombe wa maziwa, na fimbo zake huingia bustanini. Matawi ya mgrevilea yanayopunguzwa kila mwaka yafaa pia. Mianzi michache iliyopandwa kwenye kona ya shamba itakupa fito ndefu na nyepesi kwa miaka mingi. Mikaratusi hutoa nguzo nzuri za dungu, lakini isipandwe karibu na chemchemi wala karibu na bustani, kwa sababu hunywa maji mengi na kunyang'anya mboga chakula.

ILI FITO ZIDUMU

Choma kidogo ncha itakayoingia ardhini mpaka iwe nyeusi kwa nje. Hii husaidia kuzuia kuoza. Usipake mafuta machafu ya motokaa katika bustani ya chakula. Wala usitumie vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, kwa maana dawa hiyo ni sumu.

Baada ya mavuno, ng'oa fito zote, zisugue kwa maji na sabuni, uzianike juani, kisha uziweke juu ya dari au chini ya paa la ghala. Fito za nyanya zilizougua zisirudi kwenye nyanya msimu unaofuata. Zipewe maharagwe, au ziwe kuni. Na mahali pa nyanya pasipandwe nyanya wala viazi tena mara moja, kwa kuwa magonjwa yao ni mamoja.

Jambo moja la mwisho katika sehemu hii. Fito zinazofika kifuani au usoni pa mtu ni hatari kwa macho, hasa ya watoto wanaokimbia na ya mama anayeinama kupalilia. Chomeka gunzi la mahindi au kopo dogo juu ya kila ncha. Kazi hiyo ni ya robo saa, na jicho halinunuliwi.

MASWALI AMBAYO WAKULIMA HUULIZA

Swali: Bwana Shamba, maharagwe yangu yamepanda vizuri sana, yamefika juu, lakini hayana maua. Fito zina kosa gani?

Jibu: Fito hazina kosa, mama. Mara nyingi umetia mbolea ya samadi au ya chumvichumvi kupita kiasi, na mmea umekuwa majani matupu. Pia huenda yako kivulini. Yakifika kichwa cha ufito, kata ncha zake, nayo yatatoa matawi ya kando.

Swali: Mimi ni mzee, siwezi kuchomeka fito nyingi. Nifanyeje?

Jibu: Mzee, tumia ua ulio nao. Panda nderema na matango chini ya ua wa waya au wa miti, nayo yatapanda yenyewe. Usiyapande kwenye ua wa michongoma hai, kwa sababu mizizi yake itayanyima chakula, na kuchuma kutakuumiza.

Swali: Je, yafaa kufunga nyanya kwenye miti ya chai?

Jibu: Hapana. Kivuli cha nyanya huharibu meza ya chai, na dawa ya nyanya itaanguka juu ya majani yatakayochumwa. Chai ibaki chai, na bustani ibaki bustani.

ANZA NA MSTARI MMOJA

Hatusemi ugeuze bustani yote kwa siku moja. Msimu huu pima mstari mmoja wa mita 6. Kata fito 15, au simika nguzo tatu na kamba 20. Panda maharagwe marefu. Kando yake panda miche michache ya kaliandra kwa ajili ya fito za miaka ijayo. Andika katika daftari siku uliyochuma mara ya kwanza, siku ya mwisho, na kiasi ulichopata. Andika pia fedha ambazo hukuzipeleka sokoni.

Mwisho wa msimu ukitazama daftari hilo, wewe mwenyewe utajua kama yafaa kuongeza mstari wa pili. Na ukiamua kuuongeza, usianze na mbegu. Anza na fito.